Harage la Kaka

Uchaguzi wa mwenyekiti wa tawi letu la chama ulifanyika msimu wa kupanda maharage, na kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na mbegu, tulipiga kura kwa maharage. Nyuma ya ghala la kahawa ulizungushwa ua wa mianzi, na ndani yake vikawekwa vyungu viwili. Kimoja kilifungwa kitambaa chekundu shingoni. Hicho kilikuwa cha fundi cherehani, mtu wa ziwani aliyepanda kuja kushona huku kwetu milimani. Kingine kilifungwa majani ya mbuni, nacho kilikuwa cha karani wa mizani ya kahawa, mtu wa ukoo wetu. Mlangoni alikaa mzee mmoja na kapu, na kila mtu alipoingia alitumbukiza kijiti kimoja kapuni. Wewe uliingia, ukatia harage lako moja, ukatoka upande wa pili.

Watu waliotuletea chama kutoka Mbinga walituambia kwamba hivyo ndivyo tutakavyochagua wakubwa wetu wenyewe, bila kungoja Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya kule Songea, atuteulie. Tulifurahi sana. Mimi nilivaa gauni la kanisani.

Fundi alishinda. Lakini maharage ya vyungu vyote viwili yalipohesabiwa pamoja, yalizidi vijiti.

"Mnaona!" karani alisema, akasimama juu ya jiwe ili aonekane. "Watu wa ziwani wametia kwa kiganja. Mtu aliyezoea kuchota dagaa wa usipa hajui kushika kitu kimoja kimoja."

"Na mtu wa milimani," mwanamke mmoja wa ziwani akamjibu, "akizama kwenye beseni la kunawia atasema maji yamemwibia."

Watu walicheka, kisha hawakucheka tena, kwa sababu vijana wa pande zote mbili walikuwa wameanza kusogeleana. Fundi alisimama peke yake, mkono umeshika tepu yake ya kupimia iliyokuwa shingoni. Katikati ya watu neno mwizi lilikuwa limekwisha kutamkwa, na fundi anayeitwa mwizi hapati kitambaa cha mtu tena.

Mjumbe wa kutoka Mbinga alinyanyua mikono. "Maneno haya yakifika Songea, Bwana Shauri atachekaje! Atasema hawa wanataka kujitawala na hawawezi kuhesabu maharage. Tuchunguze wenyewe kwanza. Nani aende nyumba kwa nyumba aulize kila mtu alitia mangapi?"

Kila aliyetajwa alikataliwa na upande wa pili. Mwishoni sauti moja ikasema, "Mpeni yule mtoto wa mjane. Mama yake ni wa ziwani, marehemu baba yake ni wa huku. Amesoma kwa masista. Tena hasemi, atadanganyaje?"

Wote wakanigeukia. Nilitazama miguu yangu. Mjumbe alihesabu maharage sawasawa na yale yaliyozidi, akanipa. Nikayafunga katika pindo la kitenge changu. Akaniambia kila harage litakalopata mwenyewe nilihamishie pindo la pili. Kama mwenyewe ni mtu hai wa tawi letu na alitiliwa na mtu wa nyumba yake, litahesabiwa. Kama hapana, litatolewa. Na likibaki hata moja lisilo na mtu, basi maneno ya karani ni kweli na uchaguzi umeharibika.

Kabla sijaendelea, lazima nieleze habari za nyumba yetu.

Kwetu Umatengo, wanaume wa babu mmoja hula pamoja nyumbani kwa mkubwa wao. Hiyo tunaita sengu. Kila nyumba hupeleka kikapu cha ugali na chungu cha mboga, na hapo panapolikiwa ndipo panapoamuliwa mambo yote, ya mashamba, ya mahari na ya ugomvi. Nyumba isiyo na mwanamume haina chungu katika sengu, na isiyo na chungu haina sauti juu ya shamba. Baba alipofariki, kaka yangu alikuwa bado kijana, lakini alikaa katika nafasi ya baba na chungu chetu kikaendelea kwenda. Baadaye kaka aliandikwa manamba akaenda kukata mkonge upande wa Tanga. Alisema atarudi na bati la nyumba.

Mama hakuacha kupeleka chungu. "Nyumba yangu ina mwanamume," alisema. "Yuko safarini." Baba mkubwa, ndugu mkubwa wa baba, alikipokea kila siku bila neno, na ule mteremko wetu wa kulima ulibaki mikononi mwa mama. Kaka hakuandika barua, lakini hakuwa mtu wa kuandika. Sisi tulikaa hivyo, na mimi nilikua hivyo, nikisonga ugali wa watu wawili na wa mmoja asiyekuwapo.

Siku ya kura, mama aliingia uani akakawia kidogo kuliko wengine. Nilimwona kiganja chake kabla hajaingia. Mlikuwa na maharage mawili.

Kwa hiyo tangu pindo lilipofungwa nilijua harage moja ni la nani. Sikuwa na wasiwasi. Kaka alikuwa mtu hai wa nyumba yetu, na tulijiunga na chama nyumba kwa nyumba. Nilifikiri kwetu nitamalizia.

Msichana hatembei peke yake nyumba za watu, kwa hiyo nilifuatana na shangazi yangu, dada wa baba. Yeye alikuwa upande wa karani na hakuficha. Njiani alisema watu wa ziwani hivi, watu wa ziwani vile, hadi tukafika nyumba ya kwanza, ya binamu yake mwenyewe, upande wa kwenda Matiri.

"Nilitia matatu," mzee huyo alisema. Alikuwa amekaa juani akinoa nyengo yake ya kufyekea nyasi.

Shangazi aliruka. "Matatu!"

"La kwangu, la mke wangu, la mama."

Mimi nikasema kwa sauti ndogo, "Baba, tuliambiwa kila mtu moja."

"Ndiyo. Kila mtu moja. Mimi nilibeba ya watu watatu. Mama yangu haoni. Ulitaka ashikwe mkono na nani hadi ghalani, na karani?"

Kutoka ndani mama yake akaitikia, "Mwambieni nimetuma mwenyewe! Na nimemtuma kwa yule wa kitambaa, si kwa karani."

"Mama!" mzee akasema.

"Alinipunja mizani mimi, nisahau?"

Nyumba nyingi zilikuwa hivyo. Neno likishakuwa moja nyumbani, mkubwa wa nyumba hulibeba kwa niaba ya waliobaki, kama anavyobeba neno la nyumba yake kwenda sengu. Huyu alimtilia mkewe aliyejifungua, yule alimtilia baba mwenye kifua. Hakuna aliyeona amekosa. Wa ukoo wa karani walikuwa wamefanya vilevile, na katika nyumba ya mdogo wake karani, shangazi alikohoa, akasema tumechelewa, twende. Maharage yalihama kutoka pindo hadi pindo. Haya yangu ilipungua, na nilianza hata kufurahia kuuliza. Sikuwa nimewahi kuzungumza na watu wengi hivyo.

Yakabaki machache tu, na watu wa ziwani waliopanda kuja kupiga kura. Tukateremka.

Njia ya kuteremka hukata magoti, na joto huongezeka kila unapoinua uso. Nilipofika chini nilikuwa nimevua sweta. Usipa ulikuwa umeanikwa mchangani na watoto wakifukuza kunguru. Kule ni kwa mama, kwa hiyo nilisalimia kwa Kinyasa, na shangazi alisalimia kwa Kiswahili cha kulazimisha.

Mwanamume mmoja alikuwa akimenya mihogo mbele ya nyumba yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Nikamweleza kilichotuleta.

"Nilitia mawili," alisema. "Langu na la huyu." Alimwonyesha ndugu yake aliyekaa kwenye mkeka na mguu uliovimba. Ndugu akanyanyua mkono kuonyesha kwamba yuko hai, tukacheka. Nikahamisha harage.

"Na wewe mwanangu ni mtoto wa nani?"

Shangazi alimjibu kwa kirefu. Alitaja ukoo, akamtaja baba yangu, akataja kilima chetu. Yule mtu aliweka kisu chini. Alijifuta mikono katika suruali, akasimama, akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ni dada yake," alisema. "Poleni sana. Mnisamehe, sikupata nafasi ya kupanda kuja kuhani."

"Kuhani nani?" shangazi akauliza.

Alimtazama shangazi, akanitazama mimi. Nadhani aliona kwenye nyuso zetu, kwa sababu aliniachia mkono taratibu, kama mtu aliyeshika kitu cha watu bila ruhusa.

Walikuwa kambi moja katika mkonge, yeye na kaka. Kaka alipatwa na homa masika yale ya kwanza, homa isiyokaa sana. Walimzika ng'ambo ya reli, pamoja na wengine. Yeye mwenyewe alishika kona moja ya mkeka. Baadaye mtu mmoja wa milimani alikuwa anarudi kwao kwa njia ya Songea, naye akampa habari na blanketi la kaka ampelekee mkubwa wa ukoo. Yeye alirudi nyumbani baadaye akiamini kwamba sisi tulikwisha kulia tukamaliza.

Mkewe alituletea maji. Shangazi alitaka kupiga yowe, yule mama akamziba mdomo kwa kiganja kwa upole, akisema, "Siyo hapa, dada. Mlilie kwenu."

Tulipanda mlima. Tulipofika mahali pa kupumzikia, shangazi alikaa chini, akaniambia, "Sikiliza. Hilo harage nitasema nilitia mimi. Nitasema nilitia mawili."

"Shangazi, utaaibika."

"Acha niaibike. Mimi nilipiga kelele kuliko wote kuhusu watu wa ziwani, watacheka, yataisha. Mama yako akijua, chungu chake kitaendaje sengu? Na lile shamba? Mwache na mwanawe safarini." Akalia kidogo, akaniambia nijipanguse uso.

Nilikubali. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilikubali, na nilitembea sehemu iliyobaki nikijifunza namna ya kuingia nyumbani kama kawaida.

Mama hakuwa nyumbani, alikuwa mteremkoni. Nyasi zilikuwa zimekwisha kulazwa chini kwa mistari iliyopishana, nasi wanawake kazi yetu ni kusia maharage juu yake na kuyafukia kwa udongo unaochimbwa katikati, hadi mlima wote unakuwa mashimo mashimo na matuta. Hizo ndizo ngoro zetu, na mvua haibomoi mlima wetu kwa sababu yake. Mama alikuwa na mbegu katika kibuyu cha kiunoni. Nilichukua jembe nikaanza kufukia nyuma yake.

"Habari za ziwani?"

"Nzuri."

"Wote wazima?"

"Wazima. Wanakusalimu."

Tulikwenda hivyo tuta moja. Mimi hunyamaza siku zote. Lakini mama alikuwa ananijua kunyamaza kwangu, na kwake hakukuwa kwa aina moja. Alisimama bila kugeuka, mkono umo ndani ya kibuyu.

"Umeyamaliza maharage?"

"Limebaki moja."

"La kaka yako."

Niliendelea kufukia.

"Nakuuliza, la kaka yako? Mbona hukulihamisha? Si unajua ni la nani?"

Nilitaka kusema maneno ya shangazi. Yalikuwa tayari mdomoni. Niliangalia mgongo wake, na jembe likaniponyoka. Basi akajua.

Hakupiga yowe. Alikaa chini penye tuta alilolisia, akauliza nani amesema, na alimzika nani, na wapi. Nilimweleza yote. Aliuliza tena kuhusu reli. Hakuwahi kuiona reli, akataka kujua kama inapiga kelele usiku kucha. Nilisema sijui, mama.

Baadaye aliniambia, "Msilie bado. Kesho ni mkutano. Tukianza kulia leo hapatakuwa na mkutano, na yule fundi atabaki mwizi kwa sababu ya mwanangu." Akasimama, akaendelea kusia. Nikafukia. Tulimaliza sehemu tuliyokuwa tumepanga kumaliza.

Asubuhi watu walijaa ghalani. Mjumbe aliniuliza, nami nikasimama mbele ya watu nikasema nyumba zote moja baada ya nyingine. Kwa kila jina mtu aliitikia, "Kweli." Mdogo wake karani naye alipoitikia, karani alishuka kutoka kwenye jiwe lake. Mwishoni nikafungua pindo la kwanza. Harage lilikuwa moja.

"Hilo ni langu!" shangazi akapiga kelele. "Nilitia mawili mimi, nilijisahau."

Watu walianza kucheka.

"Kaa chini, wifi," mama alisema. Alisimama katikati ya wanawake. "Ahsante, lakini kaa chini. Harage hilo ni la mwanangu. Nilimtilia mimi. Nilifikiri yuko safarini, kumbe alikufa zamani. Fundi hakuiba."

Kicheko kilikatika. Mjumbe alikuwa kijana, hakujua aweke wapi mikono. Alisema pole mama. Alisema, kwa heshima, kwamba harage la marehemu halihesabiwi, na kwamba hata likitolewa fundi bado ni mwenyekiti. Akalichukua lile lililokuwa kitengeni mwangu ili alitupe.

"Hilo silo," mama alisema. "Hilo ni la kuhesabia tu. La kwake liko chunguni."

"Mama, yote ni sawa. Tutoe lolote."

"Lolote?"

Alikwenda kwenye chungu chenye kitambaa chekundu, akapiga magoti, akamimina maharage juu ya ngozi iliyotandikwa pale. Yalikuwa maharage mekundu ya kawaida, mbegu za nyumba zote. Alianza kuyachambua. Alichukua moja, akalirudisha. Akachukua jingine. Hakuna aliyemwambia afanye haraka, hata vijana. Jua lilipanda. Fundi alikuja akakaa chini upande wa pili wa ngozi, akainamisha kichwa. Na mama akaendelea kuchambua hadi akapata moja, akaliangalia pande zote, akasema, "Hili hapa."

Alipolifumba kiganjani ndipo alipolia. Sijasikia tena sauti ile na sitaki kuisikia.

Msiba uliwekwa nyumbani kwetu siku ileile. Mchana baba mkubwa alikuja na wanaume wa sengu. Alikuwa amebeba kitu kwapani, akakiweka mbele ya mama. Lilikuwa blanketi la kijivu lenye mistari, limekunjwa, linanuka moshi wa darini.

"Lilinifikia," alisema. "Mtu aliyelileta alinipa na habari. Nikawaza, tukilia leo, kesho watu watauliza shamba ni la nani. Ningewazuia mwaka mmoja, siyo zaidi. Nikasema acha chungu kije. Kikija, hakuna atakayeuliza. Nilifanya kwa ajili yako, shemeji."

Mama alilishika blanketi, akalinusa.

"Kwa hiyo mlikuwa mnakula," alisema polepole. "Mimi nasonga ugali wake, nachagua mboga anayoipenda, naleta, nanyi mnanawa na kula. Kisha mnanitazama narudi nyumbani."

"Shemeji..."

"Mmenilisha uongo, nami nikawalisha chakula cha marehemu. Nani hapa anaweza kuniambia kilikuwa kitamu?"

Baba mkubwa alikuwa mtu mzima, tena mkali, lakini alikuwa analia. Mimi sikumchukia siku ile, na bado simchukii. Alitupatia miaka ya kukaa. Lakini mama hakupata miaka ya kulia, na mtu hawezi kurudishiwa hiyo.

Matanga yalipokwisha, mama hakupeleka chungu. Baba mkubwa alituma ujumbe kwamba alete tu, sengu imekubali, shamba halitaguswa. Mama alishukuru. Wiki ileile alikunja blanketi, akateremka kwao ziwani, na hajapanda tena. Nyumba yake iko karibu na ya yule mtu wa mihogo. Nikienda kumwona huwakuta wamekaa mbele ya mlango, naye anamuuliza tena habari za kambini, kwamba alikuwa anakula nini, alikuwa anacheka na nani. Yule mtu hachoki kumjibu.

Mimi nilibaki kwa shangazi. Maharage tuliyosia siku ile niliyavuna peke yangu.

Fundi alikuwa mwenyekiti mzuri. Mwaka huu tumechagua tena, na kanuni imetangazwa wazi kwamba kila mtu anakuja kwa miguu yake na anatia lake tu. Mlangoni mzee alinipekua kiganja kama alivyowapekua wote. Nilikuwa na maharage mawili. Sijui niliyachota lini hivyo.

"Binti, moja," alisema kwa upole. Alikuwa anajua.

Nikatia moja. Lile la pili nililirudisha kwenye pindo la kitenge, na Jumapili nilipoteremka ziwani nilimpelekea mama.